Maswali ya Wasomaji: Kichaka Kimoja, Majina Mengi

Barua za safari hii zimeelekea upande mmoja: majina ya vichaka vya bustani. Wapo walionunua mmea huu wakapewa ule, wapo wanaotafsiri, na yupo mama mmoja ambaye swali lake lingeweza kumfikisha hospitalini. Tumejibu kwa kirefu pale ambapo kukosea jina kuna madhara.

SWALI: Ndugu wataalamu, nilinunua mche kitaluni kwa jina la jasmini. Sasa ni kichaka kirefu kunishinda. Mchana hakina harufu yoyote, lakini usiku kinanukia hadi chumbani. Shangazi anasema hiyo si asumini. Nani mkweli? (Mpenda maua)

JIBU: Shangazi ana macho. Asumini ya kweli ni *Jasminum sambac*, wa familia moja na mzeituni. Kwa maelezo yako, ulicho nacho karibu hakika ni *Cestrum nocturnum*, wa familia ya mnyanya na mbilingani. Kwa Kihindi huitwa raat ki rani, yaani malkia wa usiku, na kwa Kihispania dama de noche. Neno jasmini limegeuka jina la biashara la kila mmea wenye ua jeupe linalonukia, kwa hiyo halikuambii hata kidogo kilichomo kwenye kopo.

Hata hivyo usituamini sisi tu, hakikisha mwenyewe. Anza na majani, maana yapo mwaka mzima. Majani ya asumini hukaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingine matatu kwenye kifundo kimoja, na kila jani ni zima, halikugawanyika. Majani ya *Cestrum* hupishana: moja huku, linalofuata kule. Kisha tazama ua. La asumini lina petali pana zilizolala wazi juu ya mrija, na ukiupasua mrija kwa wembe utakuta stameni (vijiti vya kiume vinavyobeba chavua) mbili tu. La *Cestrum* ni mrija mwembamba wa kijani kilichopauka au manjano hafifu, urefu wa sentimita 2 hadi 2.5, wenye ncha tano ndogo na stameni tano ndani. Hesabu ya stameni ni kipimo kizuri kuliko rangi na harufu, isipokuwa kwa asumini zenye petali nyingi zilizorundikana, ambazo stameni zake huwa zimegeuka petali. Kwa hizo rudi kwenye majani.

Maua yakishapita, *Cestrum* huzaa matunda madogo meupe. Matunda hayo yana sumu, na mmea wenyewe pia. Kama kuna watoto, kata vishada vya maua vinapoanza kunyauka, kabla havijafunga matunda.

Kwa kuwa wengine wetu watauziwa jasmini nyingine, tuzitaje. *Jasminum grandiflorum*, chameli ya Wahindi, ni jasmini halali: majani yanatazamana lakini kila jani limegawanyika vijani 5 hadi 9, na matumba ya maua yana wekundu kwa nje. *Murraya paniculata*, kemuning ya Waindonesia, ni ndugu wa mlimau. Jani lake limegawanyika, ukiliinua kwenye mwanga unaona vitone vidogo vya mafuta, ukilifikicha linanukia kama ganda la chungwa. Matunda yake ni mekundu. *Gardenia jasminoides* ina maua makubwa ya sentimita 5 na zaidi, na kati ya mashina ya majani mawili yanayotazamana kuna jani dogo mno kama ukosi, alama ya familia ya mbuni, yaani mti wa kahawa. *Trachelospermum jasminoides* hutambaa, petali zake zimejipinda zote upande mmoja, na ukivunja tawi hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Jasmini za kweli hazina utomvu wa namna hiyo. Ya mwisho, *Gelsemium sempervirens*, huitwa jasmini nchini Marekani. Ina maua ya manjano na sumu kali inayoweza kuua. Ukiona "jasmini" ya manjano na hujui jina lake la kisayansi, usiguse maua yake kwa chai wala kwa manukato.

SWALI: Shikamooni. Nimepata maelekezo ya supu kwa Kifaransa yanayotaka majani mawili ya laurier. Nyumbani tuna kichaka ambacho aliyekipanda alikiita laurier-rose, kina maua ya rangi ya waridi karibu mwaka mzima. Naweza kuchuma hapo? (Mama wa watatu)

JIBU: Marahaba, mama. Usichume, na kama umeshachuma, tupa na unawe mikono.

Kifaransa huita laurier angalau mimea mitatu isiyo na udugu wa karibu. Wa kwanza, laurier-sauce, ni *Laurus nobilis*, na huo ndio wa jikoni. Wa pili, laurier-rose, ni *Nerium oleander*, ambao kila sehemu yake, jani, ua, gome, mzizi na hata ukikauka, ina sumu inayoshambulia moyo. Wa tatu, laurier-cerise, ni *Prunus laurocerasus*. Majani yake yakipondwa hutoa sianidi. Wafaransa wenyewe mara nyingi huandika laurier peke yake kwenye mapishi, wakijua msomaji wao ataelewa ni upi. Asiyezaliwa ndani ya lugha hiyo hana kinga hiyo.

Tofauti zake ni hizi. *Laurus* majani yake hupishana, na ukivunja moja harufu ya kiungo hutoka papo hapo. *Nerium* majani yake ni membamba na marefu, magumu kama ngozi, na kwa kawaida hutoka matatu matatu kutoka kifundo kimoja yakilizunguka tawi. Uti wa kati umejitokeza, na kutoka kwake mishipa midogo mingi sana imepangana sambamba hadi ukingoni. Harufu ya kiungo haina. *Prunus laurocerasus* ina jani pana linalong'aa, na upande wa chini karibu na kikonyo utaona madoa madogo mawili au zaidi, ambayo ni tezi. Likifikichwa linanukia lozi chungu.

Jua pia majina mengine ya *Nerium*, maana utakutana nayo: kwa Kiarabu difla, kwa Kituruki zakkum, kwa Kihispania adelfa, kwa Kihindi kaner, kwa Kigiriki pikrodafni. Hilo la Kihindi lina mtego wake. Kaner ya manjano ni mmea mwingine kabisa, *Cascabela thevetia*, ambao vitabu vya zamani huuandika *Thevetia peruviana*. Majani yake hayatoki matatu matatu bali yamepangana kuzunguka tawi moja moja, utomvu wake ni mweupe, na tunda lake ni la kijani lenye pembe, likiiva huwa jeusi. Mbegu zake zinaua.

Si lazima ung'oe kichaka chako. Vaa glavu unapokipogoa, usichome matawi yake kwa kuwa moshi nao una madhara, usifanye vijiti vyake kuwa vya kuchomea nyama, na usiwatupie mifugo masalia. Ikitokea mtu amekula, msisubiri dalili. Toeni mabaki mdomoni, msukutuzeni, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na tawi lenye majani, na mtajieni daktari jina *Nerium oleander*. Jina hilo ndilo litakalomfahamisha kwamba tatizo ni la moyo, na kwamba kinga-sumu inayotumika kwa aliyezidisha dawa ya moyo ya digoksini inaweza kufaa hapa.

SWALI: Kila nikitafuta habari za krotoni yangu ya majani ya rangi rangi napata habari za mti wa msituni na za mafuta ya kuharisha. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei, jina ndilo linalokupoteza. Krotoni ya bustani ni *Codiaeum variegatum*. Mwanabotania wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1753 aliiweka kwenye jenasi (kundi la spishi zenye udugu wa karibu) *Croton*, baadaye ikahamishwa, lakini watunza bustani wakabaki na jina la kwanza. Jenasi *Croton* ipo bado na ina spishi zaidi ya elfu moja, mojawapo ikiwa *Croton tiglium*, ambaye mafuta ya mbegu zake huharisha vibaya na ni sumu. Tafuta kwa *Codiaeum*, au kwa Kiindonesia puring, na utapata picha za kutosha. Wafilipino huita San Francisco, kwa hiyo ukitafuta kwa jina hilo utaletewa mji. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu.

SWALI: Kwa nini wanasayansi wanabadilisha majina kila mara? Nimejifunza *Rosmarinus officinalis*, sasa naambiwa ni *Salvia rosmarinus*. Kama jina la kisayansi nalo halitulii, lina faida gani kuliko la kienyeji?

JIBU: Malalamiko haya tunayapata sana na tunayaelewa, hasa kwa wenye vitalu ambao wameshachapa lebo. Lakini tofauti ni kubwa. Jina la kienyeji likibadilika hakuna anayeandika lilikotoka. La kisayansi likibadilika huacha njia inayofuatika: jina la zamani halifutwi, linakuwa kisawe, na ukilitafuta linakupeleka kwenye jipya.

Sababu kuu ni tatu. Ya kwanza ni ujuzi mpya wa udugu wa mimea. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba rozimari imekaa katikati ya ukoo wa *Salvia*, si kando yake. Ama jenasi *Salvia* ivunjwe vipande vingi na mamia ya mimea ibadilishwe majina, ama rozimari na wenzake wachache waingizwe ndani. Likachaguliwa la pili kwa kuwa lina usumbufu mdogo. Haikuwezekana kuiita *Salvia officinalis*, maana jina hilo ni la mmea mwingine wa jikoni, ndipo likachukuliwa *Salvia rosmarinus*, ambalo lilikuwa limeshachapishwa tangu 1835.

Ya pili ni kanuni ya utangulizi: jina halali lililochapishwa mapema zaidi ndilo linaloshinda, na hesabu inaanzia tarehe 1 Mei 1753, tarehe iliyowekwa kwa kitabu cha Linnaeus cha spishi za mimea. Kichaka cha maua ya samawati ambacho wengi wanakijua kama *Plumbago capensis*, jina la 1794, kinapaswa kuitwa *Plumbago auriculata*, kwa sababu hilo lilitoka 1786. Kisa cha *Duranta* kinafundisha zaidi. Katika kitabu hichohicho cha 1753 Linnaeus aliandika *Duranta erecta*, yaani iliyosimama, na *Duranta repens*, inayotambaa. Baadaye ikaonekana ni mmea mmoja ambao matawi yake huanza wima kisha huinama. Majina mawili yakiwa ya siku moja, kanuni humpa uamuzi mtaalamu wa kwanza kuyaunganisha na kuchagua. Leo jina ni *Duranta erecta*. Vitalu vingi bado vinaandika *repens*, na wala si mmea tofauti, usilipie mara mbili.

Ya tatu ni mpya na tunaiunga mkono kwa moyo wote. Kongamano la kimataifa la botania la Madrid, mwaka 2024, lilipitisha kwamba majina yote yenye *caffra* na jamaa zake, neno lililotokana na tusi dhidi ya Waafrika, yaandikwe *affra*. Kwa hiyo kichaka cha miiba cha kuzungushia ua, ambacho wengine hukiita kayaba, si *Dovyalis caffra* tena bali *Dovyalis affra*. Kwenye lebo andika jina jipya, na kwa miaka kadhaa weka la zamani pembeni, ili mwenye kitabu cha zamani asipotee.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Naomba kanuni fupi za kuandika majina haya, na maana ya zile herufi na mabano yanayofuata.

JIBU: Mwalimu, jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni jenasi na huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au nchi. Yote mawili huandikwa kwa mlazo, na kwa mkono hupigiwa mstari. Ukitaja jenasi mara ya pili unaweza kuifupisha, *J. sambac*, lakini usifanye hivyo kama kwenye ukurasa huohuo kuna jenasi nyingine inayoanzia J.

Herufi zinazofuata ni za aliyelitoa jina, na haziandikwi kwa mlazo. *Lawsonia inermis* L., yaani mhina, jina lake ni la Linnaeus na halijahama. *Jasminum sambac* (L.) Aiton linasimulia safari: Linnaeus alilitoa neno *sambac* akiliweka kwenye jenasi nyingine, *Nyctanthes*, na Aiton akalihamisha. Mabano ndiyo alama ya kuhama. Kwenye lebo ya bustani si lazima. Kwenye orodha ya kitaalamu ni lazima, maana kuna majina yaleyale yaliyotolewa na watu wawili kwa mimea miwili.

Alama × ni ya chotara: *Bougainvillea* × *buttiana*. Aina iliyochaguliwa na wakulima huandikwa wima ndani ya alama moja moja za nukuu, kila neno likianza kwa herufi kubwa, na haitafsiriwi: asumini ya petali nyingi *Jasminum sambac* 'Grand Duke of Tuscany' inabaki hivyo kwa Kiswahili, Kichina na Kirusi. Ukitafsiri, umelipoteza.

Wanafunzi wako watauliza kwa nini ni *Hibiscus grandiflorus* lakini *Magnolia grandiflora* na *Jasminum grandiflorum*. Waambie ni upatanisho wa kisarufi, kama ngeli zetu: mti mkubwa, jiwe kubwa, kisu kikubwa. Kilatini kina jinsi tatu za nomino, na kivumishi hufuata. Mtego uko kwenye majina ya jadi ya miti, ambayo huishia -us na bado ni ya kike, ndiyo maana kichaka cha miiba cha Ulaya ni *Prunus spinosa*, si spinosus.

Wafundishe pia wasiamini maana ya neno la pili kupita kiasi. *Hibiscus syriacus* haikutoka Siria. Kwao ni Asia ya Mashariki, na Wakorea wanaiita mugunghwa, ua la taifa lao. *Inermis* maana yake isiyo na silaha, yaani isiyo na miiba, lakini mhina uliozeeka huota miiba kwenye matawi yake. Neno lilishachapishwa, na kosa la maana si sababu ya kulibadilisha.

SWALI: Natafsiri kutoka Kihispania. Katika maandishi mwanamke anakata "amapola" uani. Kamusi inasema ni ua jekundu la shambani, lakini mwandishi anaeleza kichaka kirefu kuliko ukuta.

JIBU: Angalia mwandishi ametoka wapi. Nchini Hispania amapola ni *Papaver rhoeas*, mmea mdogo laini wa msimu mmoja. Puerto Rico amapola ni haibiskasi, *Hibiscus rosa-sinensis*, ambayo inazidi ukuta bila shida. Ni mmea huohuo ambao Venezuela na Kolombia huitwa cayena na Meksiko tulipán, neno ambalo kwingine ni tulipu ya kitunguu. Nje ya Kihispania ni bunga raya kwa Kimalei, ua la taifa la Malaysia tangu 1960, gumamela kwa Kifilipino na gurhal kwa Kihindi.

Bougainvillea nayo itakusumbua: buganvilla nchini Hispania, Santa Rita huko Argentina, trinitaria kwa Wavenezuela, veranera Amerika ya Kati. Brazili, kwa Kireno, ni três-marias, kwa sababu majani matatu ya rangi huzunguka maua matatu madogo. Ndiyo, sehemu ya zambarau si petali; ua lenyewe ni kijirija cheupe katikati. Ukikuta mwandishi makini anataja "ua dogo jeupe ndani ya rangi", hajakosea, usimsahihishe. Hali ni hiyohiyo kwa *Euphorbia pulcherrima*, nochebuena ya Meksiko, ambayo Hispania ni flor de Pascua, Argentina estrella federal, na Uturuki ina jina la Atatürk.

Utaratibu wetu ni huu: nchi ya mwandishi kwanza, kisha urefu, umbo la jani na msimu kama vimetajwa, kisha jina la kisayansi kwenye daftari lako hata kama halitaingia kwenye tafsiri. Hapo ndipo utafute neno la Kiswahili. Likikosekana, jina lililozoeleka kitaluni linatosha. Usibuni neno jipya kwa kutafsiri la kigeni, kwa sababu msomaji hatakuwa na pa kulitafuta.

SWALI: Kikundi chetu kinaandaa orodha ya majina ya vichaka kwa lugha tano. Tumeweka mmea mmoja kwa kila mstari na safu moja kwa kila lugha. Tunakwama kila siku: mara majina matatu kwenye chumba kimoja, mara jina moja limerudi mara nne.

JIBU: Jedwali ndilo lenye kasoro, si nyinyi. Linachukulia kwamba kila mmea una jina moja kwa kila lugha, jambo ambalo si kweli hata kwa lugha moja. Ligeuzeni: mstari mmoja uwe wa jina moja, si wa mmea mmoja.

Kila mstari uwe na jina kama lilivyotamkwa na msemaji, jina kwa hati yake ya asili, kama ni ya Kiarabu au Kidevanagari (inayoandikiwa Kihindi), na unukuzi wake, msimbo wa lugha wa kimataifa (sw, ar, hi, fil), eneo linapotumika, sehemu ya mmea inayotajwa, jina la kisayansi pamoja na mwandishi wake, na namba ya sampuli au picha iliyothibitisha. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama orodha itaaminika. Jina lisilo na sampuli liandikeni, lakini jina lake la kisayansi liacheni wazi. Kujaza kwa kubahatisha ndiko kunakozaa makosa yanayonakiliwa kutoka orodha hadi orodha.

Hapo champa itakuwa na mistari miwili bila ugomvi, mmoja wa *Plumeria rubra* na mmoja wa *Magnolia champaca*. Asoka ya Kiindonesia itaonyesha *Ixora*, na ashoka ya Kihindi *Saraca asoca*. Kwa Kiswahili safu ya sehemu ya mmea haikwepeki: mwasumini na asumini, mwaridi na waridi, mhina na hina ni jozi za mmea na kinachotokana nao, na mtu akikutajia moja, muulize nyingine. Muulize pia kivumishi. Mbono ni *Ricinus communis*, mbono kaburi ni *Jatropha curcas*. Vyote ni vichaka, mbegu za vyote zina sumu, na ukiandika mbono tu umeunganisha jenasi mbili.

Kwa sampuli, kateni tawi la sentimita 25 hadi 30 lenye majani kamili, na ua au tunda. Tawi la majani matupu mara nyingi haliwezi kutambuliwa hadi spishi. Lilazeni kati ya magazeti, angalau jani moja likionyesha upande wa chini, wekeni makaratasi magumu juu na chini, kazeni kwa kamba au wekeni uzito. Badilisheni magazeti kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo. Sampuli ikigeuka nyeusi au kuota ukungu, sababu ni unyevu uliobaki ndani: karatasi hazikubadilishwa, au tawi lilikatwa likiwa na umande. Andikeni siku hiyohiyo rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu na urefu wa kichaka, kwa sababu vyote hivyo havitaonekana tena kwenye tawi kavu.

Programu za simu za kutambua mimea zinasaidia kuanza. Zipeni picha nne: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, kifundo ambapo majani yanaota, na upande wa chini wa jani lililowekwa rula. Jibu lake lichukueni kama dokezo, na jihadharini zaidi na machotara ya bustani, ambayo hufanana na wazazi wote wawili. Kisha jina mlilopata litafuteni kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, muone kama linakubalika au ni kisawe, na mnakili tahajia kutoka hapo, si kutoka lebo ya kitalu.

SWALI: Lebo zangu hufutika kabla ya mwaka kuisha. Niandikie nini?

JIBU: Wino mwingi, hata unaoitwa wa kudumu, huliwa na jua. Penseli laini, 2B, juu ya plastiki iliyokwaruzwa kidogo kwa msasa hudumu kuliko wino, kwa kuwa grafiti haiharibiwi na mwanga. Kinachodumu zaidi ni kipande cha alumini laini: kiweke juu ya gazeti lililokunjwa, andika kwa kalamu ya wino iliyokwisha ukikandamiza, na maandishi yatabaki kama mchoro. Andika jina la kisayansi, aina ndani ya nukuu kama ipo, jina la kienyeji, mwaka wa kupanda na ulikopata mche. Nakala ya habari hizo iwe daftarini pamoja na ramani ya bustani, maana lebo hung'olewa na mbwa, watoto na mafyekeo.

Usiifunge kwenye shina kuu kwa waya uliobana. Shina hunenepa, waya huzama ndani ya gome, na sehemu ya juu hukauka. Ning'iniza kwenye tawi la pembeni kwa kitanzi kinachopitisha kidole kizima, na kila unapopogoa hakikisha tawi hilo si miongoni mwa unayoyakata.